Mchanga Anafunga Begi la Ureno

Ukishuka Mtaa wa Pwani pale Portbrae, kabla hujafika kwenye uwanja wa gofu, utakuta kona yenye duka la mikate, na mbele ya duka hilo benchi la mbao ambalo rangi yake imeliwa na chumvi na makalio. Upepo wa bahari ya Uskoti haujawahi kulihurumia benchi lile, wala wanaolikalia hawajawahi kuuhurumia upepo; wanaugeuzia mgongo na kuendelea kubishana. Askofu huja na chupa ya kahawa kubwa kama kombora, Profesa huja na gazeti la jana, Komando huingia dukani na kutoka na mikate ya soseji inayofuka moshi. Asubuhi ile ya Februari ukungu ulikuwa umemeza mnara wa kanisa, umemeza bahari, umebakiza kona tu. Lakini benchi lilijaa mapema, kwa sababu Mchanga alikuwa anasafiri.

Jina lake hasa ni Murdo Geddes, ila tangu aanze kucheza gofu hakuna aliyelitumia tena pale benchini. Walimwita Mchanga, na si kwa umri, maana alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Walimwita hivyo kwa kuwa kila mpira aliopiga uliishia kwenye shimo la mchanga, mtego wanaowekewa wachezaji uwanjani. Alikuwa fundi wa mapaa aliyestaafu, mseja wa siku nyingi, mtu wa kuona haya hata kuomba apitishiwe chumvi mezani. Na mtu huyo huyo alikuwa anakwenda Ureno, wiki nzima, kwenye jua, na Ishbel Crombie.

Gari la kuwapeleka uwanja wa ndege lilikuwa limchukue pale pale kwenye kona. Akatokeza kwenye ukungu akiburuta begi lake la gofu kama mtu anayeburuta ng'ombe mbishi.

— Haa! We Mchanga, unahama? Komando akamaka.

— Begi tu hili, dada.

— Begi! Hiyo si maiti ya mtu mnene?

Komando ndiye Nan Rennie, aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi. Watu wazima wa Portbrae, wengine na vipara vyao, mpaka leo wakimwona wanajikuta wamepanga foleni.

— Umetia nini humo? akauliza.

— Fimbo zangu. Viatu vya gofu. Nguo. Mipira. Na vitu vidogo vidogo.

— Fimbo zote?

— Sijajua nibebe zipi niache zipi.

Hapo Askofu akainua kidole. Huyu ni Archie Pringle, mwenye sauti nzito ya mimbari, ingawa kanisani huonekana kwenye harusi na mazishi tu, tena kwenye harusi hukaa karibu na mlango wa chakula.

— Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Beba zote.

— Ureno kuna nyoka? Mchanga akashtuka.

— Nyoka wapo kila mahali, mwanangu. Hata moyoni.

— Acha kumtisha mtu, Askofu, akasema Profesa, akikunja gazeti. Hapa suala si nyoka, suala ni uzito. Ndege ina hesabu zake. Ukizidisha, rubani anaegemea upande mmoja mpaka mwisho wa safari.

Profesa ni Dod Lumsden. Alikuwa na duka la samaki. Uprofesa aliupata kwa kusoma magazeti aliyokuwa akifungia samaki, ndiyo maana elimu yake ina kurasa nyingi zilizokosa mwisho.

Komando hakungoja mjadala. Alivuka barabara hadi kwake, akarudi na mizani ya bafuni, akaiweka chini mbele ya benchi. Begi likawekwa juu. Likaanguka kushoto. Likawekwa tena. Likaanguka kulia, likamkosakosa Askofu na kahawa yake.

— Mtu alikumbatie asimame nalo, akaamuru Komando. Halafu tunatoa uzito wa mtu. Profesa, panda.

Profesa akapanda, akalikumbatia begi kama bibi harusi. Komando akainama akasoma.

— Haya. Sasa wewe peke yako una kilo ngapi?

Profesa akashuka kwenye mizani haraka.

— Profesa, nakuuliza wewe.

— Hiyo ni habari ya ndani ya familia.

— Bwana wee, mtu ana ndege!

— Nimesema siwezi. Hata marehemu mama alikufa hajui.

Askofu alicheka mpaka kahawa ikampanda puani. Mchanga naye akacheka, cheko lake dogo la kukohoa, lakini hofu aliyoamka nayo tangu alfajiri haikuwa ya ndege.

Mambo yalianza hivi. Ishbel Crombie ndiye mkata nyasi wa uwanja wa gofu wa Portbrae. Yeye na mashine yake nyekundu, mvua, jua, kila siku. Mchanga alimfahamu kwa kumpungia mkono tu, mpaka siku moja alipokuwa akitengeneza paa la banda la mashine akamsikia akiimba chini yake, akiwa peke yake, kwa sauti mbovu isiyo na aibu hata kidogo. Akabaki juu ya lile paa akigonga kigae ambacho hakikuwa na tatizo. Baada ya hapo akanunua fimbo za mitumba. Mtu akicheza gofu hamna anayemuuliza anafanya nini uwanjani. Na mtu akiangukia kwenye mchanga, mtunza uwanja huja na reki yake kusawazisha, na wakati wa kusawazisha watu huongea.

Wiki chache nyuma, Ishbel aliegemea reki yake akasema, bila utangulizi wowote, "Murdo, nina wiki ya likizo. Nimechoka na huu ukungu. Nataka kwenda Ureno kwenye jua. Twende?" Na Mchanga, badala ya kusema ndiyo kama watu wengine, mdomo ukamponyoka: "Kucheza gofu?" Ishbel akamtazama kidogo. "Haya," akasema. "Hata gofu."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kupiga mpira mchangani mara moja kwa siku, halafu ukaenda zako nyumbani, ni jambo moja. Kupiga ovyo siku saba mfululizo mbele ya mwanamke ambaye amewatazama wachezaji maisha yake yote ni jambo jingine. Siku ya tatu, aliwaza, atanionea huruma. Siku ya tano atakuwa anatazama saa. Ndiyo maana alikuwa amefungasha kila kitu alichokuwa nacho. Aliamini kwamba pengine ndani ya begi lile mlikuwa na kitu kimoja cha kumwokoa, ila hakujua ni kipi.

— Mizani imeshindikana, Komando akatangaza. Tunapunguza kwa macho. Fungua.

Zipu ikavutwa, nguo zikamwagika benchini. Komando akanyanyua mwavuli.

— Huu wa nini? Unakwenda kwenye jua.

— Aisifuye mvua imemnyea, akasema Askofu. Auache.

— Hiyo methali haina maana hiyo.

— Ina maana yangu.

Komando akachomoa suruali ndefu ya ndani, ya sufu, ya rangi ambayo hapo zamani ilikuwa nyeupe.

— Mungu wangu. Na hii?

Mchanga akainyakua, uso umemwiva kama kamba aliyechemshwa. — Usiku panaweza kuwa na baridi.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, Askofu akaitikia kwa upole, akaigusa ile suruali kana kwamba anaibariki. Kitu kimekutunza miaka yote, leo ukitupe kwa sababu ya Wareno?

— Ngojeni, ngojeni, akasema Profesa, aliyekuwa bado anahema kwa kulikumbatia begi. Mnajadili chupi wakati hatari yenyewe hamuioni. Pale uwanja wa ndege kuna mashine inayopiga picha ndani ya mizigo. Sasa jiulize: mashine inaona begi refu, ndani vyuma virefu vyembamba, vimejipanga sambamba, juu vina vichwa. Inafikiri nini?

— Inafikiri ni fimbo za gofu, Mchanga akasema.

— Inafikiri ni mbavu! Mashine haijui gofu, kaka. Mashine inajua mwanadamu. Watakuita pembeni, watakuuliza, bwana Geddes, huyu umemuua lini?

— Sasa afanyeje? Askofu akauliza, amekwisha amini.

— Avichanganye. Kimoja juu, kimoja chini, katikati aweke soseji.

— Soseji zitasaidia nini?

— Hazisaidii kitu. Ila mbavu hazina soseji. Mashine ikiziona inachanganyikiwa, inamwachia apite.

Komando alishika kiuno akacheka mpaka akakaa. Muuza mikate akachungulia dirishani kuona kulikoni. Lakini ukweli ni kwamba soseji mbili zilitolewa kwenye mkate, zikafungwa kwenye karatasi na kuwekwa kati ya fimbo ya tatu na ya nne, na aliyeziweka ni Mchanga mwenyewe. Mtu mwenye hofu hachagui msaada.

— Nguo ndizo zinazoleta uzito, akasema Komando alipopata pumzi. Nguo si za kubeba. Nguo ni za kuvaa. Simama hapa.

— Dada Nan, mimi nime...

— Simama!

Akasimama. Sweta la kwanza likapita juu ya kichwa. La pili likafuata. La tatu lilikwama masikioni, Profesa akavuta upande huu, Askofu upande ule, mpaka kichwa kikachomoka kwa mlio kama kizibo. Juu yake koti la mvua. Chini, suruali ya mvua juu ya suruali ya kawaida. Mikono ya Mchanga ikabaki imesimama mbali na mwili, kama pengwini.

— Unaweza kukaa?

— Siwezi.

— Unaweza kuinama?

— Siwezi hata kugeuka, dada.

— Safi sana. Uzito wote huo ndege haiuoni.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akasema Askofu, akimfuta makombo ya mkate begani. Mamako hakukufunza kukunja nguo; basi sisi ndio ulimwengu.

Sasa walikuwa wamenogewa. Kahawa ikazungushwa tena. Profesa, akiona nadharia ya mbavu imepokelewa, akapanda ngazi nyingine juu.

— Tatizo lililobaki ni moja tu: nyasi. Nyasi za Ureno zinalala upande mwingine.

— Upande upi?

— Kuelekea jua. Nyasi zetu hapa hazijawahi kuliona, zinasimama tu zimeduwaa. Za kule zinalifuata. Mpira wa Portbrae ukitua kule unapotea njia. Dawa yake ni kwenda na kipande cha nyasi za kwetu. Asubuhi, kabla ya mchezo, unausugulia mpira. Unakumbuka nyumbani, unatulia.

Askofu akasimama. — Kisu cha mikate kipo. Naenda kukata kipande, ni hapo tu chini, shimo la kwanza.

— Usithubutu! Mchanga akapiga kelele, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Zile ni nyasi za Ishbel!

Askofu akasita, kisu cha mikate mkononi. Komando akamtazama mzee huyu mwenye masweta matatu, jasho likimtiririka kwenye ukungu wa Februari, na macho yake yakalainika.

— We Murdo, akasema, na kutumia jina lake halisi kulimwogopesha zaidi. Niambie ukweli. Huko Ureno, chumba ni kimoja au viwili?

— Sijui.

— Hujauliza?

— Ningeulizaje?

— Kwa mdomo, bwana!

— Nikiuliza akisema viwili, nitajuta kuuliza. Akisema kimoja, nitazimia. Bora nisijue, nicheze gofu yangu vizuri tu. Nikicheza vizuri labda...

Askofu akafungua mdomo atafute methali, akakosa, akaufunga. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Ndipo taa mbili za njano zikajitokeza kwenye ukungu, na gari la abiria likasimama kwenye kona. Mlango ukafunguka, akashuka Ishbel Crombie. Siku zote walizoea kumwona na buti za mpira na kofia ya sufu. Leo alivaa gauni la maua chini ya koti, viatu vya wazi, vidole vya miguu vyekundu kwa baridi, na mkononi alikuwa na kimfuko kimoja tu, cha kuingia mswaki, kitabu na nguo za kuogelea.

— Wifi! Komando akapaza. Karibu wifi yangu!

Mchanga alitamani ardhi ipasuke, lakini hata ikipasuka, kwa masweta yale asingepita.

Ishbel akamtazama kuanzia kofia mpaka suruali mbili. Akazunguka nyuma yake. Akarudi mbele. Akalitazama begi, mizani ya bafuni, kisu cha mikate mkononi mwa Askofu, ile suruali ya sufu begani mwa Profesa, ambako hakuna anayejua nani aliiweka.

— Kuna nini hapa?

Wote wakajibu kwa pamoja. Komando alieleza uzito, Profesa mbavu, Askofu nyoka. Fimbo zipi, mipira mingapi, nyasi upande gani. Ishbel akasikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kama anavyosikiliza mashine yake ikigoma. Walipomaliza akauliza, taratibu tu:

— Kwani kati yenu nani anapenda gofu?

Profesa akamtazama Askofu. Askofu akatazama chupa ya kahawa. Komando akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Wamekaa kwenye kona ile miaka yote, wakitazama wachezaji wakishuka na kupanda, wakawakosoa mikono, wakawakosoa magoti, wakabishana mpaka kutukanana.

— Murdo? akasema Ishbel. Wewe?

Mchanga akamsogelea hatua moja.

— Siupendi, akasema. Sijawahi kuupenda hata siku moja. Nauchukia huo mchezo, Ishbel. Mpira mdogo, shimo dogo, upepo mkubwa. Nilikuwa natafuta sababu ya kuwa pale uwanjani unapofanya kazi.

— Na uliponiuliza tunakwenda kucheza gofu?

— Niliogopa kuuliza tunakwenda kufanya nini.

Ishbel akaanza kutetemeka mabega. Walidhani ni baridi. Kumbe ni kicheko, kilianzia chini kabisa, kikapanda, kikatoka na sauti ile ile mbovu isiyo na aibu, mpaka muuza mikate akatoka nje na unga mikononi.

— Murdo Geddes! Mimi nimekata nyasi za gofu tangu nikiwa msichana. Nikilala naziota. Unadhani nisafiri mpaka Ureno nikatazame nyasi nyingine? Nilipanga kukaa juani, nile samaki wa kuchoma, nioge baharini bila kupiga kelele za baridi. Uliposema gofu nilisema moyoni, basi, kwa ajili yake nitavumilia.

— Ungevumilia siku saba?

— Ningevumilia siku saba.

Mchanga alijaribu kumkumbatia, lakini mikono ilikataa kukunjika, kwa hiyo akamwangukia tu, wima, kama mti uliokatwa, na Ishbel akampokea kifuani na masweta yake yote.

— Mvueni huyu, akasema kutokea huko chini. Haraka, ndege haitusubiri.

Wakamvua, kila mtu akivuta kwake, vifungo vikirukia barabarani, Komando akilia na kucheka, akifuta pua kwa sweta la pili. Akabaki na shati moja jembamba, anatetemeka, uso unang'aa. Akachomoa begini mswaki, kaptura moja, pasipoti na, baada ya kufikiri kidogo, zile soseji. Akavitia vyote kwenye kimfuko cha Ishbel; vikaenea.

— Na begi? Profesa akauliza.

— Kaeni nalo, akasema Mchanga, tayari mguu mmoja uko ndani ya gari.

— Na mbachao? Askofu akaipunga ile suruali ya sufu hewani.

— Nakuachia, Askofu! Inakutosha!

Mlango ukafungwa. Gari likaondoka polepole kwa sababu ya ukungu, na Mchanga, bega lake likigusana na bega la Ishbel, akageuka kutazama kupitia kioo cha nyuma. Alitarajia kuwaona wamekaa benchini wakipunga mikono. Hawakuwa wamekaa. Askofu alikuwa ameigeuza chupa ya kahawa juu chini, halikutoka hata tone. Komando amechomoa fimbo moja begini, anaigeuzageuza, anawauliza wenzake kitu. Profesa anatikisa kichwa, Askofu anainua mabega. Ikaonekana wazi hata kwa mbali kwamba hakuna kati yao aliyejua inashikwa upande gani.

Halafu Profesa akajitwika begi mgongoni, na wote watatu wakaanza kuteremka kuelekea uwanjani, wakisukumana kama watoto waliofungiwa ndani siku nyingi. Kwenye ukingo wa barabara, nyasi za uwanja zinapoanzia, Komando akasimama, akaweka mpira chini, akatanua miguu, akaiinua fimbo juu kabisa ya kichwa, akaishusha kwa nguvu zote za mpishi wa shule. Mpira haukutikisika. Donge la nyasi, kubwa kama sahani, likaruka angani na kupotelea kwenye ukungu, na kelele za shangwe zikawafikia mpaka ndani ya gari.

Ishbel akafumba macho.

— Dereva, akasema, akiutafuta mkono wa Murdo, ongeza mwendo kabla sijaona zaidi.